Aliombwa charge, akatuma chaja

Ijumaa moja shangazi yangu wa Mwingi alimtumia mdogo wangu shilingi 3,000 za kumalizia rent. Kijana anasoma Thika na anakaa bedsitter ambayo caretaker wake hataki kusikia mambo ya kutumiwa kwa simu. Anataka noti mkononi. Pesa iliingia bila shida, lakini ukiwa na 3,000 pekee kwa simu huwezi kutoa 3,000 kamili, kwa sababu ada ya kutoa lazima itoke mahali. Kijana akamwandikia: "Asante aunty, imeingia. Lakini umesahau charge."

Shangazi akajibu papo hapo: "Pole baba, kesho asubuhi naitupa kwa gari."

Mdogo wangu alisoma hiyo message mara tatu. Akadhani labda aunty anampa dereva wa matatu cash amletee, akanyamaza. Jumamosi saa tano akapigiwa simu na ofisi ya parcel pale stage. Ndani ya bahasha kulikuwa na chaja mpya ya simu pamoja na waya wake, imefungwa vizuri na karatasi ya gazeti. Saa hiyo caretaker alikuwa ameshaweka kufuli yake juu ya kufuli ya kijana, na pesa iliyokuwa imepungua haikufika hata shilingi mia.

Tulicheka baadaye, si siku hiyo. Lakini nilijiuliza shangazi alikosea wapi, na kusema kweli sioni kosa lake. Kwa lugha yetu ya kila siku chaji ni ile inayoisha kwa simu, na chaji ni ile inayokatwa ukituma au ukitoa pesa. Aliambiwa amesahau charge, akatuma kitu cha charge. Neno lenyewe ndilo limebeba mengi, na ukilifuata hadi lilikotoka utakuta kubeba ndiyo kazi lililozaliwa nayo.

Lilianza na mkokoteni

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita watu wa Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, walikuwa na neno lao la gari la kukokotwa na wanyama. Warumi walilichukua wakaliita carrus. Baadaye Kilatini kikaunda kitenzi, carricare, yaani kupakia mzigo kwenye hilo gari. Wafaransa wa zamani wakalifinyanga likawa chargier. Uingereza ilipotekwa mwaka 1066 na watu waliozungumza Kifaransa, maneno mengi ya aina hiyo yalivuka bahari pamoja nao, na ndivyo charge ilivyoingia kwa Kiingereza. Maana yake ya kwanza huko ilikuwa mzigo, ama kumtwika mtu au mnyama mzigo.

Ndugu zake unawajua. Car ametoka kwa mkokoteni huo huo. Carry pia. Cargo alizunguka kupitia Kihispania. Hata ile keria ya baiskeli, ama keria ya juu ya matatu pale kuku na magunia ya viazi hufungwa kamba, ni wa ukoo huo.

Na kabla hujasema Waingereza wana mambo, Waarabu walifika mahali pale pale kwa njia yao wenyewe. Kiswahili kina neno shehena, mzigo wa meli au jahazi, tulilopata kwa Kiarabu. Mzizi wake ni wa kupakia. Kama una ndugu anayefanya kazi Saudi ama Qatar, muulize kuchaji simu kunaitwaje huko. Ni shahn. Kuweka kredo kwa simu pia ni shahn. Chaja ni shahin, na lori la mizigo ni shahina. Sasa fikiria shangazi angekuwa Jeddah: angeweza hata kutuma lori.

Sisi wenyewe hatuko mbali. Husema kuload kredo, na kuload ni kupakia tu.

Baruti, farasi, betri

Je, neno la mkokoteni lilifikaje kwa stima? Lilipitia kwa bunduki. Bunduki za zamani zilipakiwa baruti na risasi kila unapotaka kufyatua, na kile kipimo cha baruti kikaitwa charge, kwa sababu ni mzigo uliopakiwa ndani ya mtutu. Jeshi likilipakia neno, halilitui haraka: shambulio la kuwakimbilia adui kwa farasi nalo likaitwa charge. Ndiyo maana hadi leo guide wa Amboseli atakwambia ndovu akitandaza masikio na kuinua kichwa, usisubiri acharge.

Katika miaka ya 1740 watu wa sayansi Ulaya na Marekani walikuwa wakicheza na chupa maalum ya glasi iliyoweza kuhifadhi umeme, iliyopewa jina la mji wa Leiden huko Uholanzi. Ukiigusa vibaya ilikurusha. Benjamin Franklin, yule ambaye sura yake iko kwa noti ya dola 100, alikuwa mmoja wao. Aliandika kuhusu chupa hizo kama mtu anayezungumza kuhusu silaha: unazicharge, yaani unazipakia, kisha zinajimwaga kwa kishindo. Alipopanga chupa kadhaa pamoja akaziita battery, jina la mizinga iliyopangwa safu moja vitani. Kwa hivyo ukimwambia mtu "betri yangu imeisha chaji," maneno mawili kati ya hayo yametoka kwa wanajeshi.

Kumbe basi chaji ya simu ni mzigo uliopakiwa. Na kwa sehemu nyingi za nchi hii mzigo huo hupakiwa kwa kulipia: unaacha simu kwa kinyozi au kwa duka lenye solar, unaandikiwa namba kwa kipande cha karatasi, unalipa charge ya kucharge.

Hizo charge mbili hukutana tena kwa ujumbe wa token za stima. Angalia vizuri wakati mwingine ukinunua. Hapo pana kiasi ulicholipa, pana kiasi kilichogeuzwa kuwa units, na pana mstari unaoitwa OtherCharges. Ndani ya huo mstari mna gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, mabadiliko ya bei ya dola, tozo kadhaa na VAT. Mtu hulalamika kwamba token zimepunguka kumbe hajawahi kusoma huo mstari. Sisemi ukiusoma utafurahi, ila utajua.

Ukitwikwa wewe

Mzigo si lazima uwe wa gunia. Ukipewa kazi ya kuangalia watu wengine, hiyo pia ni kutwikwa, na ndipo in charge ilipotoka. Sisi tumeigeuza kuwa cheo kamili: "incharge wa dispensary hayuko, rudi kesho."

Kuna mtu pia wa kutwikwa lawama. Polisi wakiandika charge sheet wanakupakia kosa, na Kiswahili kwa hekima yake kikatenga neno jingine kabisa, mashtaka. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa ana haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha ili aweze kulijibu. Weka hiyo akilini, tutairudia, maana hata ile charge ya kwa simu ina sheria inayofanana nayo.

Ya shamba ndiyo huumiza watu zaidi kwa sababu hawaijui. Ukikopa benki kwa title deed, benki huandikisha charge juu ya ardhi yako. Chini ya sheria ya ardhi ya 2012, charge haihamishi umiliki. Shamba linabaki lako, unalima, unavuna, lakini limebebeshwa deni, na ukishindwa kulipa benki inaweza, ikifuata hatua na notisi zilizowekwa, kuliuza. Ukimaliza kulipa, kazi haijaisha: lazima ile charge iondolewe kwa rejista. Hiyo karatasi inaitwa discharge, kushusha mzigo. Kuna wazee waliomaliza mkopo zamani, wakarudishiwa title, wakaiweka kwa sanduku, na discharge haikuwahi kusajiliwa. Watoto wanapokuja kugawana shamba ndipo wanagundua kwamba kwa rejista bado kuna benki. Kama una mkopo wa aina hiyo uliouisha, fanya search kwa ofisi ya ardhi au kupitia Ardhisasa pale inapofanya kazi. Ni swali dogo, na jibu lake linaweza kuwaokoa watoto wako na miaka ya kukimbizana na makaratasi.

Hospitali nayo hukudischarge, yaani inakushusha kitandani. Bill ni hadithi nyingine.

Sasa ile ya pesa

Ada, kwa Kiingereza, ikawa charge kwa njia hiyo hiyo: ni mzigo uliowekwa juu ya mfuko wa mtu. Hapa ndipo asili ya neno inakuwa na faida kwako wewe unayetuma na kupokea pesa kila siku. Ukiona charge ni mzigo, swali la kwanza si "ni pesa ngapi?" Swali ni "nani anabeba?"

Ya kutuma hubebwa na anayetuma. Ya kutoa hubebwa na anayetoa. Hizi ni ada mbili tofauti, na ndiyo sababu Wakenya walibuni ile sentensi fupi ambayo haiko kwa kitabu chochote cha sarufi: "Tuma na ya kutoa." Maana yake ni kwamba nakuomba ubebe mzigo wangu pia. Shangazi alibeba wa kwake, wa kutuma, akadhani amemaliza. Mdogo wangu alitaka abebe na wa pili, lakini akatumia neno ambalo halisemi ni upi.

Kuweka pesa kwa wakala kwa kawaida ni bure kwa mteja, kwa hivyo wakala akikudai kitu kando mkononi, uliza kwa nini. Ada halali hukatwa na mfumo na huonekana kwa message.

Kulipa kwa till, mara nyingi mwenye duka ndiye anayebebeshwa. Ndiyo maana kuna maduka yanayopenda umtumie mwenye duka moja kwa moja kwa namba yake ya simu. Ukikubali, umehamisha mzigo kutoka kwa duka hadi kwako, na juu ya hapo huna risiti ya biashara iwapo patatokea ubishi. Kwa paybill, biashara huchagua: ibebe yote, mteja abebe yote, au wagawane. Ndiyo unakuta kulipa karo ya shule moja kuna ada na ya shule jirani hakuna, na wazazi wanalaumu kampuni ya simu.

Mwaka 2020 tuliona vizuri jinsi mzigo ukiondolewa kwa mmoja hauondoki kwa mwingine. Corona ilipoingia, Benki Kuu ilitangaza mwezi wa Machi kwamba kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kutakuwa bila ada, na mpango huo ukaendelea hadi mwisho wa mwaka. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini ya kutoa ilibaki pale pale. Kama uliyemtumia alihitaji cash ya kununua unga kwa duka lisilo na till, yeye alilipa kama kawaida.

Halafu kuna mbebaji wa tatu ambaye watu humsahau. Sehemu ya kila ada huenda kwa serikali kama ushuru wa excise. Kwa huduma za kutuma pesa kwa simu ushuru huo ulikuwa asilimia 10, ukapanda hadi 12 mwaka 2018, kisha 15 Julai 2023. Watu wengi walisikia hiyo habari wakaelewa kwamba ukituma 3,000 serikali inakata asilimia 15 ya 3,000. La hasha. Ushuru huu unapigwa juu ya ada, si juu ya pesa unayotuma. Ada ikiwa shilingi 30, hesabu inafanywa kwa hizo 30.

Haki ya kuambiwa mapema

Nilisema tutarudi kwa mambo ya shtaka. Mwaka 2016 mamlaka ya kusimamia ushindani wa biashara nchini, CAK, iliagiza kampuni za huduma za pesa kwa simu zimwonyeshe mteja gharama yote kabla hajakamilisha muamala, na tena baada ya kumaliza. Kabla ya hapo ulikuwa unajua umekatwa ngapi baada ya kukatwa. Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayolipia.

Shida ni kwamba haki hiyo inaonekana kwa skrini kwa sekunde chache, wakati kidole kiko tayari kuweka PIN. Wengi wetu tumezoea kubonyeza tu. Mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni kuandika mambo haya, nimewahi kutuma pesa ya harambee nikaangalia jina tu bila kuangalia ada. Kwa hivyo simhubirii mtu. Lakini kwa mkopo wa ndani ya simu, ule wa kumalizia pale pesa imepungua, tafadhali usikimbie huo mstari. Huko charge inaweza kuwa ya mara moja, inaweza kuwa ya kila siku, na mzigo wa kila siku unakua ukiwa umelala.

Charge ambayo si charge

Matapeli nao wanalipenda hili neno kwa sababu halieleweki vizuri. "Mkopo wako wa 20,000 uko tayari, tuma 350 ya processing charge." "Umeshinda, tuma charge ya kuachilia zawadi." "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie na ya reversal." Zote zina umbo moja: unaambiwa utangulize mzigo kwa namba ya mtu ndipo upate kitu.

Kipimo ni kile kile cha nani anabeba na kwa njia gani. Ada halali hukatwa ndani ya muamala wenyewe, na huonekana kwa message ya huduma. Haitumwi kando kwa namba ya mtu anayeitwa kwa jina lake la kuzaliwa. Na mtu akikwambia amekutumia kimakosa, angalia salio lako mwenyewe kwanza, usiangalie message aliyokutumia, kisha mwambie aombe reversal kupitia kampuni yake. Ikiwa ni kweli, pesa itarudi kwa njia hiyo bila wewe kugusa kitu.

Kama unamtumia mtu anayehitaji kiasi kamili mkononi, iwe rent, nauli ama dawa, hesabu ukianzia upande wake. Angalia kwa orodha ya ada kutoa kiasi hicho ni ngapi, ongeza, kisha utume mara moja. Kutuma ile ndogo baadaye kunaweza kuleta ada nyingine ya kutuma, ukalipia safari mbili kwa mzigo mmoja. Na ukiomba, sema "ya kutoa," utaje na kiasi. Usiseme charge.

Mdogo wangu alifunguliwa mlango Jumamosi jioni baada ya kukopa jirani. Chaja bado anaitumia, ni nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Shangazi naye ameacha kabisa hilo neno. Mwezi uliopita aliandika: "Nimetuma 3,000, juu yake nimeongeza ya kutoa. Na usiniulize kitu kingine, leo hakuna gari."